Msumari Usioshika

Lilianza tone moja, chumba cha uani.
Halikumsumbua mtu. Mama aliweka kikombe.
Mwaka uliofuata ikawa sufuria, kisha beseni la kufulia,
kisha ndoo mbili na lile dishi kubwa la pilau za shughuli,
nasi tukajifunza kulala kwa pembe,
miguu huku, kichwa kule,
kila mtu akijua mpaka wake na mvua.

Baba alikuwa na daftari. Kila kiraka alikiandika:
Lami kopo moja. Fundi. Soda ya fundi.
Bati nusu, la mitumba, Gerezani.
Kipande cha tyubu, misumari robo.
Mwandiko mnyoofu, hata mkono ulipoanza kutetemeka.
Alipofariki tukaendelea kuandika sisi,
kama watu wanaolipa deni wasilolikopa.
Hapa Mtongani hewa ina chumvi,
nayo hula bati kimyakimya, hata kiangazi.

Fundi Pazi alikuja mwezi wa pili.
Hakupanda kwanza. Alisema tuzime taa,
tufunge madirisha, saa sita mchana,
tusimame sebuleni, tutazame juu.
Sijui kama umewahi kuona nyota mchana.
Nilihesabu hadi arobaini na kitu, nikaacha.
Mama hakuhesabu. Alitazama sakafu,
na huko zilikuwepo, sarafu ndogondogo za jua
ambazo hakuna duka la kuzipokea.

Ndipo akapanda. Tulimsikia akitembea
taratibu, kama apitaye penye mgonjwa.
Akagonga msumari.
Msumari ukikutana na mbao nzima huimba,
sauti hupanda kila pigo: ti, ti, ti.
Huu ulisema fu.
Akasogea pembeni, akagonga tena. Fu.
Alishuka na unga kiganjani, unga wa kenchi,
kazi ya mchwa na ya miaka,
akammiminia mama mkononi kama anayempa ubani.
"Bati ningelitibu, mama.
Lakini kiraka nacho kinataka pa kushika."

Mama akaanza: "Usipoziba ufa..."
"Ufa umezibwa," akasema Pazi. "Umezibwa miaka kumi na tisa.
Kilichobaki huko juu ni viraka vimeshikana mikono.
Naweza kuchukua elfu hamsini yako leo,
na mwezi wa nne nije nichukue nyingine.
Wanangu watakula. Ila nitakuwa nakuibia kwa ngazi."

Usiku nikajumlisha daftari la baba.
Nilijumlisha kwa kalamu, kisha kwa simu, kisha kwa kalamu tena.
Paa jipya tulikwisha kulinunua,
geji ishirini na nane, na kofia yake, na mifereji;
tulilinunua vipande vipande,
na halikuwahi kufika.

Mama alibisha siku tatu.
Paa lile baba alilipiga mwenyewe, mwaka niliozaliwa,
akateleza, akabaki na kovu gotini
alilopenda kulionyesha wageni.
Siku ya nne, kabla ya chai,
aliitungua picha yake ukutani,
akaifunga kwa kanga, akaivusha kwa jirani, kwa mama Havijawa,
akarudi, akaanza kukunja mikeka.
Hivyo ndivyo tulivyojua.

Kikoba kilitoa nusu. Nusu nyingine tusiulizane.
Mabati ya zamani yalishuka mepesi kama makaratasi,
mengine yalivunjika kwa kuguswa tu,
na mawili, mazima kuliko tulivyodhani,
sasa ni banda la kuku.

Masika yakaingia. Mvua ya kwanza
ilipiga kwa kishindo hata tukaongea kwa ishara,
tukicheka ovyo, tukitazama juu.
Usiku wa manane nilimsikia mama akinyanyuka gizani,
akaburuta beseni, akaliweka palepale.

Asubuhi lilikuwa kavu.
Alilitazama kitambo,
kisha akaloweka nguo.